Mtu Wako Akiwa Ndani: Seli, Rumande, Kamiti na Pesa za Familia

Simu hulia saa nne usiku, sauti inasema "wamemshika," na kabla hata hamjajua ni kituo gani, familia imeanza kuchangisha. Kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa. Mjomba aliye Doha anapigiwa. Chama cha kuweka akiba kinaombwa mkopo wa dharura. Siku ya tatu pesa zimeisha na hakuna anayeweza kueleza zilikwenda wapi hasa: za afisa fulani, za wakili fulani, za mafuta ya gari la fulani. Miezi minane baadaye kesi bado inatajwa, kile kikundi kimenyamaza, na anayepanda matatu kwenda rumande ni mama peke yake.

Msaada mwingi wa familia za Nairobi hupotea hivyo, na si kwa kukosa upendo. Watu humaliza nguvu zote mwanzoni kwa sababu hawajaelezwa safari yenyewe ina vituo vingapi. Kuna seli ya polisi, kuna mahakama, kuna rumande, kisha kuna gereza la waliohukumiwa. Kila mahali pana mkubwa wake, karatasi zake, na jambo moja au mawili ambayo jamaa wanaweza kuyabadilisha kweli. Yanayobaki ni kusubiri, na kusubiri nako kunahitaji bajeti.

Saa 24 za kwanza

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isipite saa 24. Saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, atapelekwa siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni ina sifa mbaya mjini: ukishikwa saa kumi na mbili jioni siku hiyo, jiandae kulala ndani hadi Jumatatu, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Usiku huo kazi ya familia ni kutafuta habari kabla ya kutafuta pesa. Mtu hushikiwa mtaa mmoja akaandikishwa kituo cha mtaa mwingine, kwa hivyo mara nyingi hakuna budi ila kuzunguka kituo hadi kituo. Ukimpata, uliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kosa analoshukiwa kutenda, jina la afisa anayechunguza na mahakama atakakopelekwa. Andika kwenye karatasi, maana usiku wa aina hiyo kichwa hakishiki kitu. Kifungu hicho hicho cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anauhitaji msaada wao, kwa hivyo unapoomba kuongea naye huombi hisani.

Dhamana ya polisi haiuzwi. Mtu anaweza kuachiliwa kwa kutia sahihi tu kwamba atafika mahakamani, na huduma hiyo ni bure. Kituo kikitaka pesa taslimu ziwekwe kama dhamana, zitolewe risiti, kwa sababu ni amana na hurudishwa masharti yakitimizwa. Pesa isiyo na risiti haitarudi, na anayeipokea hana uwezo wa kuifuta kesi kama anavyodai. Nasema hivi nikijua vizuri kwamba saa sita usiku, mtoto akiwa ndani na afande akizungusha maneno, ni vigumu sana kushikilia msimamo huo.

Na akikosekana kila kituo? Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, familia nyingi zilijikuta hapo hapo. Njia zipo: malalamiko kwa IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na wakili kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuwalazimisha wanaomshikilia mtu wamlete mbele ya jaji. Ombi hilo lina nguvu ya Katiba, Kifungu cha 51, na ni mojawapo ya mambo machache ambayo mahakama huyasikiliza kwa dharura.

Mahakamani: Milimani, Makadara, Kibera

Siku ya kusomewa mashtaka, swali linalowahusu jamaa ni moja: atarudi nyumbani au ataenda rumande? Katiba inaanzia upande wa kumwachilia. Mshtakiwa ana haki ya dhamana kwa masharti yanayofaa, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito. Tena kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza mtu kuwekwa rumande.

Dhamana huja kwa sura mbili na watu huzichanganya. Moja ni pesa taslimu: unalipa, unapewa risiti, na kesi ikiisha zinarudishwa hata kama amepatikana na hatia, mradi alikuwa akifika mahakamani. Ihifadhi risiti hiyo kama hatimiliki, maana kesi huchukua miaka, na asiye na risiti atasumbuka kurudishiwa pesa hizo. Sura ya pili ni bondi yenye mdhamini. Mdhamini hatoi pesa siku hiyo. Anaweka hatimiliki ya shamba, logibuku ya gari au hati za mshahara, mahakama inazihakiki, naye anaahidi kwamba mshtakiwa akitoroka yeye ndiye atakayelipa. Kabla hujamsukuma shemeji aweke shamba la Murang'a, mweleze wazi anachotia sahihi. Nimeona undugu ukivunjika kwa jambo hili kuliko kwa kesi yenyewe.

Masharti yakiwa mazito kuliko uwezo wenu, msikae tu mkilia. Mahakama iyo hiyo inaweza kuombwa iyalegeze, na Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyapunguza chini ya kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Watu wamekaa rumande mwaka mzima kwa dhamana ya elfu thelathini ambayo ombi moja lingeishusha, kwa sababu tu hakuna aliyejua kwamba inaombeka.

Halafu kuna mtu ambaye familia nyingi humpuuza: afisa wa probesheni. Hakimu anaweza kumtuma akusanye taarifa kabla ya kuamua dhamana, na tena kabla ya kutoa adhabu. Afisa huyo hupiga simu au kufika nyumbani, akauliza mshtakiwa anaishi na nani, alikuwa akifanya kazi gani, majirani na chifu wanamwonaje, na akiachiliwa atakaa wapi. Hapa ndipo neno la familia linaingia kwenye faili la mahakama likiwa limepigwa chapa. Nimesikia wazazi wakimkwepa wakidhani ni mpelelezi, au kwa aibu wakisema "huyo kijana alitushinda." Kauli kama hiyo huandikwa ilivyo. Mpokeeni, mwambieni ukweli, na kama kuna kazi, chuo au ndugu wa mashambani aliye tayari kumchukua, mlete uthibitisho. Kwa makosa ambayo kifungo chake ni miaka mitatu au chini, Sheria ya Kutumikia Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi za umma badala ya jela, na taarifa ya probesheni ndiyo hufungua njia hiyo.

Kuhusu mawakili, fupi tu. Wakili halali ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo, na jina lake hupatikana kwenye orodha ya Chama cha Mawakili nchini. Anayekusimamisha kwenye korido na tai yake bila kukutajia ofisi, mwepuke. Asiye na uwezo anaweza kubisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, au Kituo cha Sheria, shirika lililoanza 1973.

Rumande si kifungo, ingawa inafanana nacho

Wanaume wengi wanaonyimwa au kushindwa dhamana Nairobi huishia gereza la rumande la Industrial Area. Wanawake hupelekwa Lang'ata, ambako mahabusu na waliohukumiwa wako ndani ya ua mmoja. Kisheria mahabusu bado hana hatia, na kanuni za kumtembelea ni laini kidogo kuliko za mfungwa.

Utashangaa kwa nini kesi inatajwa na kuahirishwa kila baada ya wiki mbili huku hakuna linaloendelea. Mtu akiwa gerezani, sheria hairuhusu kesi iahirishwe kwa zaidi ya siku 15 kwa mpigo, kwa hivyo lazima aonekane mbele ya hakimu hata kama shahidi hajapatikana. Kutajwa si kusikilizwa. Ukielewa hilo hutachoma nauli na siku ya kazi kila mara. Uliza ni tarehe ipi ya mashahidi, na hiyo usiikose. Tangu janga la Korona mwaka 2020, vikao vingi vya kutajwa hufanyika kwa video, mahabusu akiwa gerezani na hakimu akiwa Milimani. Kiungo cha kuingilia hupatikana kwenye orodha ya kesi za siku au kwa karani wa mahakama. Imeokoa nauli, lakini imeondoa ile dakika moja ya kumwona mtu wako akipanda kizimbani, akigeuka kukutafuta kwa macho. Usidharau dakika hiyo. Kwa tarehe kubwa, nenda mwenyewe.

Sasa lango lenyewe. Asubuhi kuna foleni, wengi wao wanawake, na mifuko ya karatasi yenye sabuni na tishu. Kitambulisho mkononi. Simu haziingii, kwa hivyo wengine huziacha nyumbani na wengine humwachia mama wa kibanda kwa shilingi chache. Dirishani mazungumzo huwa mafupi:

"Mama, unamtafuta nani?"

"Mwanangu, afande. Otieno."

"Otieno nani? Nambari?"

Mama hana nambari, na mle ndani akina Otieno hawahesabiki. Kila aliye gerezani hupewa nambari yake, nayo ndiyo hufungua kila kitu: kutembelea, barua, pesa, hata kumtafuta akihamishwa. Iulize siku ya kwanza, uiandike nyuma ya picha yake, uitume kwa ndugu wote. Siku na saa za kutembelea hutofautiana gereza kwa gereza na hubadilika bila ilani ndefu. Anayezijua vizuri ni afisa wa langoni na wanawake waliotangulia foleni, na wa pili hao huwa wakarimu zaidi.

Ukipita upekuzi, mara nyingi mazungumzo ni ya kupitia wavu, watu kumi wakipaza sauti pande zote mbili. Dakika ni chache. Fika ukiwa umejua neno moja la lazima unalotaka kusema, labda tarehe ya wakili au idhini ya kuuza kitu, kisha zilizobaki mwachie yeye. Ushahidi wa kesi msiuzungumzie pale, kwa kuwa masikio ni mengi. Na madeni ya nyumbani, ugomvi wa mkwe, mtoto aliyefukuzwa karo, hayo yapime. Mtu aliyefungiwa akirudi seli na tatizo asiloweza kulitatua, halali.

Kuhusu vitu, uliza kwanza langoni ndipo ununue. Sabuni, mswaki, dawa ya meno, tishu, nguo za ndani na sodo kwa wanawake ndivyo huhitajika sana; chakula kilichopikwa nyumbani aghalabu hurudishwa. Pesa unazomwachia zinapaswa kuandikwa kwa jina na nambari yake, ukapewa risiti, naye akazitumia kwenye duka la gerezani. Wanaojua maisha ya ndani hushauri kidogo-kidogo na kwa mpango. Anayepokea nyingi kwa mkupuo hujulikana mara moja, akageuka mkopeshaji asiyelipwa au windo la wenye nguvu. Shilingi mia tano kila mwezi bila kukosa humpa heshima kuliko elfu tano za Krismasi.

Usikubali kumpenyezea simu au laini, hata akikusihi kwa machozi. Ni kosa chini ya Sheria ya Magereza, na anayeshikwa langoni mara nyingi ni mke au dada aliyetumwa. Wakenya wanalijua gereza la Kamiti pia kwa zile simu za "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," ambazo polisi wamezihusisha mara nyingi na simu zilizopenyezwa magerezani. Upande mwingine wa udanganyifu huo hausemwi sana: unawalenga jamaa wa wafungwa wenyewe. Mtu anapiga akijiita afande au daktari, anasema ndugu yako amezidiwa, tuma elfu tatu za dawa sasa hivi. Matibabu ya mfungwa ni jukumu la serikali. Kata simu, nenda langoni au piga nambari rasmi ya gereza, uulize kwa jina na nambari yake.

Hukumu ikishasomwa

Siku ya hukumu familia huzimia, na ni haki yao, lakini saa imeanza kuhesabu. Rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14. Huhitaji wakili ili kuianzisha. Mfungwa anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza naye akaipeleka mahakamani. Kamiti na magereza mengine kuna wafungwa na askari waliopata mafunzo ya usaidizi wa kisheria, na wengine walisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani, kupitia shirika linaloitwa sasa Justice Defenders. Mtu wako awaulize hao mapema kabla siku hazijayeyuka.

Kisha kuna hesabu za miaka, ambazo wengi huzikosea. Kifungu cha 333 cha sheria ile ile ya mwenendo wa jinai kinamtaka hakimu ahesabu muda uliokwisha kutumikiwa rumande. Kama kwenye hukumu hausikiki, hilo lenyewe ni hoja ya kurudi mahakamani. Zaidi ya hapo, Sheria ya Magereza humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri thuluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja, isipokuwa kifungo cha maisha na baadhi ya makosa. Aliyepewa miaka sita, akijiheshimu, anatazamia minne. Kwa mtoto wa darasa la pili nyumbani tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa hivyo msimwambie nambari isiyo sahihi.

Na aliyefungwa kwa kushindwa kulipa faini? Familia hudhani ni yote au hakuna. Sivyo. Faini ikilipwa sehemu hata baada ya kuanza kifungo, siku hupunguzwa kwa kadiri ya kilicholipwa. Chama kikiweza nusu, kilipe nusu.

Baada ya hukumu mtu huainishwa na huenda akahamishwa. Wa Nairobi anaweza kubaki Kamiti au Nairobi West, au akajikuta Naivasha, King'ong'o ya Nyeri, Manyani au Shimo la Tewa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka wafungwa wawekwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, wawe na haki ya kuijulisha familia mara wanapohamishwa, na zinakataza kuwanyima mawasiliano na jamaa kama adhabu. Hazitekelezeki kwa kuzitaja tu langoni. Lakini barua ya heshima kwa mkuu wa gereza, ikieleza kwamba mama ni mgonjwa au watoto ni wadogo na wako Nairobi, ina pa kuegemea. Ipitishe kwa afisa wa maslahi ya wafungwa, au kasisi, au imamu. Hao ndio watu wa kufahamiana nao mapema, na chai haihitajiki.

Barua

Hapa vijana hunicheka. Nani anaandika barua leo? Na bado kwa mfungwa aliye Manyani na familia iliyo Umoja, hakuna njia nyingine ya bei nafuu inayodumu. Matembezi ni dakika chache za makelele. Barua husomwa leo, ikakunjwa, ikasomwa tena usiku wa Jumapili. Andika jina lake kamili na nambari yake, kwa sanduku la posta la gereza. Maafisa wataisoma kabla yake, kwa hivyo usiandike usichotaka kisomwe, wala kuhusu kesi isiyokwisha.

Shida ni kwamba watu huketi na kalamu wakakosa la kusema, wakaishia kuandika mahubiri: vumilia, mtumainie Mungu, hili nalo litapita. Ukurasa mzima. Aliye ndani anahubiriwa vya kutosha. Anachokosa ni upuuzi wa nyumbani, kwa mfano: "Landilodi amepaka ploti rangi ya kijani, tunaonekana kama duka la Safaricom. Kevo wa chini ameoa, amini usiamini. Amina ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka. Ile redio yako niliifungua nikidhani nitaitengeneza, sasa ina nati tatu za ziada. Ungeitengenezaje wewe?" Swali la mwisho ni la makusudi. Anayeulizwa ushauri bado ni mtu wa nyumba hiyo, na ana sababu ya kujibu.

Mkiweza, gawaneni. Dada anatembelea mwezi huu, kaka mwezi ujao, mjomba aliye Doha anatuma nauli na sabuni, mpwa anaandika barua. Mzigo ukiachiwa mke au mama pekee, atauangusha, naye atalaumiwa na wale wale ambao hawajawahi kufika langoni. Mke hasa ana yake: kodi, karo, na wakwe wanaomtazama kama mjane asiye na msiba. Mambo ya benki, kiwanja au gari yakiwa kwa jina la aliyefungwa, wakili anaweza kuandaa hati ya kumpa mtu mamlaka ya kuyasimamia, na sahihi ikatiwa gerezani. Lifanyeni mapema kabla mabishano hayajaanza.

Watoto

"Baba amesafiri." Uongo huu ni wa huruma, na kwenye ploti za Nairobi hauishi muda mrefu. Mtoto ataambiwa na mwenzake wakicheza bladda, tena kwa maneno mabaya. Akisikia nje kwanza, atapoteza watu wawili: aliyefungwa, na wewe uliyemficha. Mwambie mfupi, kwa umri wake: baba yuko mahali pa kufungiwa watu kwa sababu ya jambo ambalo mahakama inalichunguza, au ilisema alikosea, si kosa lako, anakula, analala, na tutamwandikia. Mwalimu wa darasa aambiwe pia.

Kumpeleka au kutompeleka? Wavu na kelele humtisha mtoto mdogo. Magereza huwa na siku za familia ambapo watoto huketi na mzazi bila kizuizi, wakala pamoja, na Lang'ata inajulikana kwa hizo. Uliza tarehe kwa afisa wa maslahi, na kama utachagua siku moja mwaka mzima ya kukopa nauli, iwe hiyo.

Kwa mama aliyefungwa akiwa na mtoto mchanga, sheria inaruhusu mtoto kukaa naye gerezani hadi afikishe miaka minne. Aliyewahi kulielezea hili hadharani ni Teresa Njoroge, aliyetumikia mwaka mmoja Lang'ata akiwa na bintiye mchanga, na baadaye kuanzisha shirika la Clean Start kwa ajili ya wanawake wanaotoka jela. Ile miaka minne hufika haraka. Mtoto ambaye hajawahi kuona matatu, mbwa wala giza la usiku wa mtaani anakabidhiwa kwa nyanya asiyemjua. Jamaa atakayemchukua aanze kumtembelea mapema, sauti yake izoeleke, badala ya kuja kumbeba siku ya mwisho. Asipokuwepo jamaa, mtoto huishia makao ya watoto.

Akikaribia kutoka

Miezi ya mwisho wafungwa wengi huingiwa na wasiwasi ambao nje huonekana kama kiburi: anajibu kwa mkato, anasema msije. Msimsikilize sana. Ulizeni badala yake ana vyeti gani. Ndani watu hufanya mtihani wa kitaifa, hujifunza useremala, ushonaji, uchomeleaji, na kupata vyeti vya ufundi vinavyotambulika. Vyeti hivyo vikisahaulika ofisini mwa gereza, kuvifuata baadaye ni kazi.

Amueni kabla atalala wapi. Kama mtaa una mlalamishi wake, au wale vijana alioshikwa nao, pengine wiki za kwanza akae kwa shangazi Kitengela. Afisa wa probesheni anashughulika pia na wanaotoka, na huweza kwenda kuongea na chifu na majirani kabla hajarudi. Kazi zinazodai cheti cha tabia njema zitamkataa mwanzoni, kwa hivyo fikirieni za mkono na za kujiajiri, na mwenye jua kali lake aulizwe mapema kama anaweza kumshika.

Siku yenyewe, mtu mmoja tu awe langoni, na nauli, na nguo inayomtosha, maana amebadilika mwili. Sherehe ingojee. Kama kitambulisho kilipotea tangu siku ya kukamatwa, na mara nyingi hupotea, chukueni ripoti ya polisi ya kupotelewa kisha mwende Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, ile ya GPO au yoyote iliyo karibu. Anzeni na hilo kabla ya lolote, kwa sababu bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, na bila laini hana M-Pesa ya kulipwa kibarua cha kwanza.